Kompyuta Iliyolala Ayany

Mtu akiwaambia kwamba kutoa programu kwenye kompyuta ni kazi ya dakika tano, mwulizeni ametoa ya nani. Yake mwenyewe, labda. Ya mteja ina mambo yake.

Mimi ni Kioko. Nilitengeneza kompyuta pale Kawangware 56 mpaka macho yakakataa kuona nyaya ndogo, na sasa nimerudi Kitui ninafuga mbuzi, ambao angalau hawarudi kesho yake kulalamika. Mafundi wa pale steji waliniomba niandike kitu cha kuwasomea vijana wanaoanza kazi. Walitaka vichekesho. Nimejaribu. Lakini kila nilipoanza hadithi moja, kalamu ilinirudisha kwenye kompyuta moja ya nyumbani, mtaa wa Ayany kule Kibera, Januari ile baada ya uchaguzi wa 2007, na nimechoka kushindana nayo.

Kwanza niwaeleze programu yenyewe, maana wengine wenu hamjaigusa. Kuna programu inayotengeneza kompyuta ya pili ndani ya ile uliyo nayo mezani. Hiyo ya pili huwezi kuishika kwa mkono. Skrini yake ni dirisha tu, diski yake ni faili moja kubwa, kadi yake ya mtandao ni ya kuigiza, na bado yenyewe inaamini ni kompyuta kamili. Sisi tuliiita mashine ya ndani. Kama mteja ana kazi ya zamani inayokataa kukubaliana na mfumo mpya, unamwekea mfumo wa zamani humo ndani na kazi yake inaendelea kama kawaida. Ubaya ni kwamba ukiitoa vibaya, unaondoka na kompyuta nzima ya mtu huku mwenyewe yuko jikoni anakuchemshia chai.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Wafula. Alikuwa na kibanda nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na shati moja la kazi ambalo mfuko wake ulijaa skrubu mpaka ukaning'inia. Kila sidii ya programu iliyopita mikononi mwake aliihifadhi kwenye mkebe mkubwa wa biskuti, hata matoleo ambayo kila mtu alikuwa ameshatupa. Nilimcheka siku moja, nikamwambia hizo ni takataka. Hakukasirika.

"Toleo jipya linamfurahisha aliyelitengeneza," akasema. "Mteja anataka lile alilolizoea. Siku akilitaka, utalitoa wapi?"

Nilimwona mzee asiyetaka kubadilika. Nilikuwa na umri wenu.

Nilijifunza kutoa programu hiyo kwa aibu. Kulikuwa na mwenye saiba, duka la kulipia intaneti, karibu na soko aliyetaka iondolewe kwa sababu ilikuwa inakula nafasi. Mimi, bingwa, nikaifungua folda yake, nikaivuta yote mpaka kwenye pipa la taka, nikamwaga pipa. Nikafuta jasho kama mtu aliyelima. Kompyuta ilipowaka tena, intaneti ilikuwa imekufa. Sikujua kwamba zile kadi za mtandao za kuigiza zilikuwa bado zimejishikiza kwenye mfumo, zikizuia ile ya kweli. Nilihangaika nusu siku, halafu nikamwambia mwenye saiba kwamba panya ametafuna waya ukutani. Mtu mzuri yule. Akaenda akanunua mtego.

Fundi Wafula alipopita jioni kunichukua alikuta mtego umetegwa chini ya meza, na kipande cha samaki juu yake. Akauliza ni wa nini. Akaelezwa. Akaniangalia, kisha akamwambia mwenye saiba, "Panya wako ndiye huyu amesimama hapa. Kioko, mwambie."

Nikamwambia. Kisha Wafula akanifundisha njia ya kweli, na ninaiandika hapa kama alivyoisema. Mashine ya ndani izimwe kabisa, kwa kitufe chake chenyewe cha kuzima, usiilaze. Kulaza ni kuisimamisha ilipo, kila kitu kikiwa wazi, ili ukiiamsha uendelee ulipoachia. Mashine iliyolazwa na toleo moja, toleo lingine halitaweza kuiamsha. Ikishazimwa, nakili folda yake yote kwenye diski nyingine. Ufungue ile nakala uone kama inafunguka, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Ndipo uende kwenye orodha ya programu, uitoe kwa njia yake. Ikikuuliza kama ifute na mashine zako pia, jibu hapana, na usome swali mara mbili kwa sababu wakati mwingine wameliandika kinyumenyume. Washa kompyuta upya. Ondoa kadi za kuigiza zilizobaki. Washa upya tena. Kisha ndipo uweke toleo la zamani, kama hilo ndilo unalolitaka.

"Na haya yote," nikamwuliza, "lazima kila siku?"

"Siku ukiwa na haraka ndiyo lazima zaidi."

Sasa nije Ayany.

Sista Akoth alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya kanisa kule Laini Saba, karibu na reli. Kwao ni upande wa ziwa, lakini alikuwa ameishi Kibera muda mrefu hata Kiswahili chake kilikuwa cha hapo hapo. Yeye ndiye aliyeshughulikia wagonjwa wa TB. Mgonjwa wa TB, kama mnavyojua, anameza dawa kwa miezi mingi, na akikatiza ugonjwa unarudi na nguvu. Kwa hiyo kazi kubwa ya Sista ilikuwa kuwafuatilia. Alikuwa na kadi za karatasi pale zahanati, na nyumbani kwake Ayany alikuwa na kompyuta yenye daftari la wagonjwa: jina, simu, wanaishi wapi, dawa wameanza lini. Programu ya daftari hilo ilikuwa ya zamani, na Fundi Wafula alikuwa amemwekea ndani ya mashine ya ndani. Ilikuwa polepole lakini ilifanya kazi. Hakuwa analalamika.

Mwanzoni mwa Desemba aliniita nipangushe vumbi. Fundi alikuwa na kazi nyingine, nikaenda peke yangu, na mfukoni nilikuwa na toleo jipya kabisa la ile programu, limetoka mjini wiki hiyo. Hakuniomba niliweke. Nililiweka kwa sababu nililipenda. Lilikuwa na vitufe vizuri.

Baada ya hapo kompyuta yake ikawa nzito. Memori yake ilikuwa ndogo, na toleo jipya lilikuwa na njaa. Kuwasha mashine ya ndani kulichukua karibu nusu saa. Akanipigia simu, na mimi, badala ya kurudi kurekebisha nilichoharibu, nikampa ushauri.

"Sista, usiwe unaizima. Ukimaliza kazi, ilaze tu. Kesho utakuta kila kitu vile ulikiacha, hata ukurasa wenyewe."

"Hata nisipohifadhi?"

"Hata usipohifadhi."

Ilikuwa kweli. Ndivyo inavyofanya kazi. Akaandika wagonjwa wote wapya wa Desemba kwenye ukurasa mmoja alioacha wazi, akiulaza na kuuamsha, akiulaza na kuuamsha, bila kuuhifadhi hata mara moja, kwa sababu kuhifadhi nako kulikuwa kunachukua muda na mimi fundi nilikuwa nimesema haina haja.

Kisha uchaguzi ukaja, na matokeo yakatangazwa, na ninyi mliokuwa wadogo wakati huo mmesikia yaliyofuata. Sitawasimulia yote. Kawangware maduka yalifungwa, moshi ukawa unapanda kila upande, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana majina ya ukoo. Kibanda cha Fundi Wafula kilivunjwa mchana. Waliokivunja wengine tuliwajua kwa majina. Walichukua skrini na kompyuta za wateja, wakaacha mkebe wa biskuti, kwa sababu sidii za zamani hazina mnunuzi.

Alikuja kwangu na mkebe huo chini ya kwapa. Alikuwa na mkewe na mkoba mmoja, na walikuwa wanatafuta njia ya kwenda kwao Bungoma.

"Shika hizi," akasema.

"Utarudi lini, Fundi?"

"Shika tu, Kioko."

Hakurudi. Alifungua kibanda kwao na tuliongea kwa simu mara kwa mara, lakini Nairobi hakukanyaga tena.

Siku mbili baadaye Sista Akoth akanipigia. Kredo ya kupigia simu ilikuwa haipatikani madukani, kwa hiyo aliongea haraka kama mtu anayepita kwenye mvua.

"Kioko, zahanati imeungua. Kadi zote zimeungua. Wagonjwa wametawanyika, wengine wako Jamhuri pale uwanja wa maonyesho, wengine sijui. Dawa walizo nazo ni za wiki chache. Nimebaki na hiyo kompyuta na imekataa kufunguka. Inasema memori haitoshi."

"Nakuja."

"Barabara ni mbaya."

"Nakuja, Sista."

Nilichagua sidii ya toleo la zamani kwenye mkebe, nikachukua na diski ya nje, nikavifunga ndani ya sweta. Nilitembea. Dagoretti Corner nilisimamishwa na vijana waliokuwa wamepanga mawe barabarani. Mmoja akaniuliza jina. Nikamwambia. Akaniuliza tena natoka wapi, nikamwambia Kitui. Wakaangaliana, wakishindwa kuamua kama Mkamba siku hiyo ni rafiki au adui. Wakafungua sweta.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kuhifadhi majina ya wagonjwa."

"Wagonjwa wa nani?"

"Wa TB."

Yule aliyekuwa ameshika diski akairudisha upesi kwenye sweta na kujipangusa mikono kwenye suruali. Nilipita. Leo hilo linachekesha kidogo. Siku hiyo nilifuata Ngong Road bila kugeuka nyuma. Nikakata kupitia Jamhuri, nikafika Ayany saa nane mchana.

Sista Akoth alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, bado amevaa sare yake ya kazi, kama mtu anayengoja zamu ianze. Aliniwekea kiti. Kompyuta ilikuwa kama alivyosema. Mashine ya ndani ilikuwa imelala, na kila tulipojaribu kuiamsha tulipata maneno yale yale, memori haitoshi.

Nilijua shida. Ningeweza kuondoa toleo jipya na kuweka la zamani, ambalo lingetosha kwenye memori ile. Lakini mashine iliyolazwa na toleo jipya isingeamshwa na la zamani. Ningelazimika kutupa usingizi wake wote, na ndani ya usingizi huo kulikuwa na ukurasa wa Desemba. Kwa hiyo ilikuwa lazima niiamshe kwanza na toleo lile lile jipya, tuhifadhi ukurasa, tuizime vizuri, ndipo tushuke kwenye toleo la zamani. Nilifunga kila programu niliyoweza kufunga. Nilizima hata ile picha ya mapambo kwenye skrini. Nikapata memori kidogo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalowaandikia.

Fundi Wafula angenakili folda kwanza, ikiwa imelala vile vile, kabla ya kuigusa. Diski ilikuwa mkononi mwangu. Niliichomeka hata. Kompyuta ikahesabu faili, ikaniambia itachukua saa moja na zaidi. Nikaangalia dirishani. Nilitaka kurudi Kawangware kabla jua halijashuka, na nilikuwa nafikiria yale mawe ya Dagoretti Corner. Nikasimamisha kunakili.

"Umemaliza?" Sista akauliza.

"Tutanakili baadaye. Tuiamshe kwanza."

Yeye hakujua tofauti. Mimi nilijua.

Iliamka. Ilichukua muda mrefu, mstari ukijaa polepole chini ya dirisha. Kisha ukurasa wa Desemba ukatokea, kama nilivyokuwa nimemwahidi, hata kile kimstari cha kuandikia kikiwa pale pale alipokiacha. Sista Akoth akaweka mkono mdomoni.

"Hifadhi," nikamwambia.

Akabonyeza. Ile saa ndogo ya mchanga ikaanza kugeuka. Diski ilikuwa inakwaruza ndani ya boksi. Dakika tatu, dakika tano. Nikamwambia, "Wakati inahifadhi, andika majina kwa mkono," akavuta daftari la shule na kuanza kunakili yaliyoonekana kwenye skrini. Ukurasa ulikuwa mrefu kuliko skrini. Aliandika ya juu, jina na namba ya simu, jina na namba ya simu, kwa mwandiko mkubwa. Alikuwa ameandika saba stima ilipopotea.

Mnajua sauti ya kompyuta inapokatika stima. Si sauti, ni kile kimya cha feni. Tulikaa. Mtaani mtu alipiga filimbi mara moja. Sista alikuwa bado ameshika kalamu juu ya karatasi.

"Stima ikirudi tutaendelea?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Mashine ikishaamshwa, usingizi wake umetumika. Ikikatika hapo haina pa kurudi. Ukurasa ulikuwa kwenye memori, na memori bila stima haina kitu. Kama ningekuwa na nakala ya ile folda ikiwa imelala, ningeiamsha tena kesho, na keshokutwa, mara mia. Sikuwa nayo.

"Walikuwa wangapi?" nikauliza.

"Kumi na moja. Nafikiri kumi na moja."

Stima ilirudi jioni. Sikuweza kutembea kurudi Kawangware saa hizo, na kwa sababu haraka yangu sasa haikuwa na maana tena, nilifanya kila kitu vizuri. Niliiwasha mashine ya ndani mpaka ikafunguka, daftari likawa na wagonjwa wote hadi mwisho wa Novemba. Nikaizima kwa kitufe chake. Nikanakili folda. Asubuhi nikaijaribu nakala, nikatoa toleo jipya kwa njia yake, nikajibu hapana kwenye swali la kufuta, nikaondoa kadi za kuigiza, nikaweka toleo la Fundi Wafula. Mashine ikafunguka kwa muda mfupi, nyepesi kama zamani. Nilipaswa kufurahi. Kiufundi ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Siku zile zilizofuata nilitembea na Sista Akoth. Hatukuwa na printa, kwa hiyo alinakili majina yote kwenye daftari la shule, na tukaenda nalo uwanja wa maonyesho, makanisani, kwenye shule zilizokuwa zimejaa watu na magodoro. Alisimama mlangoni akaita majina bila kusema ni ya nini, kwa sababu ugonjwa huo watu wanauficha. Wengi tuliwapata. Wengine walijibu kwa simu kutoka Kisumu, kutoka Busia, kutoka Machakos, na akawaelekeza hospitali za huko. Mwanamke mmoja aliposikia jina lake alianza kulia, akasema alidhani amesahauliwa na kila mtu. Nawaambia hili ili msidhani hadithi yote ni giza.

Lakini wale wanne wa mwisho wa ukurasa hatukuwa na majina yao. Sista alikumbuka sura. Mmoja alikuwa kijana wa kuuza maji, akamkuta kwa bahati. Mama mmoja na mumewe walikuja wenyewe Februari, wakiulizia zahanati ilihamia wapi. Alibaki mmoja. "Mzee mmoja fundi viatu," alisema. "Alikuwa anakaa kando ya reli. Jina liko kwenye ncha ya ulimi, halitoki."

Mimi nilirudi kazini, sasa kwenye kibanda changu mwenyewe. Kawangware ilianza kupumua, watu wakaleta kompyuta zilizopigwa na maji na zilizopigwa na rungu. Watu wengi pia walileta simu kuchaji, kwa sababu kwenye ploti nyingi za vyumba vya kupanga stima ilikuwa imekatwa. Kati yao kulikuwa na mzee mmoja Mkamba, mwembamba, mtaratibu, aliyekuja kila asubuhi na simu yake ndogo. Alikaa kwa bintiye, ploti ya tatu kutoka kwangu. Tuliongea Kikamba. Alitoka Mwingi. Alikuwa akikohoa na kugeuza uso ukutani kwa adabu. Nilimwambia mara moja, "Mzee, hicho kifua kipeleke hospitali," akasema kuna watu wanakishughulikia, watampigia. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na ubao wa kompyuta mkononi.

Katikati ya Machi Sista Akoth alikuja kibandani kwangu kuchukua kebo. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, anangoja simu ijae. Sista alisimama pale mlangoni.

"Musyoka," akasema. Jina lilimtoka lote kwa mara moja.

Mzee akainuka, akavua kofia. "Sista. Nilijua mtapiga. Kila siku naiweka chaji."

"Kwa nini hukuenda hospitali nyingine, baba?"

"Uliniambia zahanati ikifungwa nisitangetange, ningoje simu. Na namba yangu ulikuwa nayo. Nilikuona ukiiandika kwenye kompyuta."

Alikuwa amemaliza dawa zake katikati ya Januari. Miezi miwili alikuwa anangoja, karibu na mimi, kwenye benchi langu. Sista alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, wakamwanzishia dawa tena, na madaktari wakajaribu. Ugonjwa ulikuwa umeshapata nafasi. Alirudishwa kwa bintiye mwezi wa nne, na alikufa humo siku tisa baada ya mimi kumtembelea. Alizikwa Mwingi.

Nilikwenda kumwona kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa kimya. Binti yake alinipisha akaenda kuchota maji. Chumba kilikuwa na kitanda na jiko na viatu vya watu ambavyo mzee hakuwahi kuvimaliza, vimepangwa jozi jozi ukutani. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikamweleza yote: toleo jipya ambalo hakuna aliyeliomba, ushauri wangu wa kutohifadhi, saa moja ya kunakili niliyokataa kuingoja. Sikujua kama anaelewa habari za mashine za ndani. Nikamalizia kwa kusema, "Jina lako lilipotea mikononi mwangu, mzee. Sista hana kosa."

Kupumua kwake kulisikika chumba kizima. Nilingoja anilaani, na ningeona ni haki yake.

"Kwa hiyo sipo kwenye kitabu," akasema.

"Hospitali wamekuandika. Kwenye kitabu cha Sista, bado."

"Basi niandike."

"Mzee..."

"Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nilitafuta karatasi, nikapata upande wa nyuma wa risiti. Akataja jina lake lote, na la babake, na kijiji chao karibu na Mwingi, polepole kama anayemsomea mtoto imla. Kisha akataja namba ya simu, tarakimu moja moja, akipumzika katikati.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Hapana. Baada ya mbili ni sita. Wewe umesema tisa."

Nikafuta, nikaandika sita, nikaisoma namba yote tena tangu mwanzo. Alikuwa amefumba macho, anafuata kwa midomo.

"Sawa," akasema. "Sasa mpelekee Sista."